Usimuulize Mtoto "Kisha?" Kabla Hujamuuliza "Kwa Nini?"

Katika madarasa mengi ya awali, saa ya hadithi huishia kwenye zoezi lile lile. Mwalimu amemaliza kusoma, amegawa kadi za picha zilizochanganywa, na watoto wanazipanga mezani: mwanzo, katikati, mwisho. Anayepatia anawekewa vema, anayekosea anaambiwa arudie. Sina ugomvi na kadi. Ni kifaa kizuri, hakigharimu kukitengeneza, na hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kukitumia. Ugomvi wangu uko kwenye swali tunaloliambatanisha nazo. Tunauliza "kisha ikawaje?" tena na tena, "kwa nini?" hatuulizi kabisa, halafu tunashangaa mtoto anapoisimulia hadithi kama anayeita majina ya mahudhurio. Mpangilio wa matukio huja wenyewe mtoto akishaelewa jinsi tukio moja linavyozaa jingine. Tukimfundisha mpangilio peke yake, tunamfundisha kukariri.

Chukua kadi nne. Kwenye ya kwanza, msichana ameshika puto jekundu kwa uzi. Kwenye ya pili, puto limenasa juu ya mti na msichana analitazama, mikono kichwani. Kwenye ya tatu, kaka yake yuko kwenye ngazi iliyoegemezwa kwenye mti huo huo. Kwenye ya nne, msichana ana puto lake mkononi, na jani dogo limenasa kwenye uzi.

Mtu mzima anazipanga bila hata kufikiri. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuzipanga hivi: msichana na puto, kaka kwenye ngazi, puto juu ya mti, msichana na puto tena. Kwa mujibu wa karatasi ya majibu, amekosea. Lakini mwulize, umsikilize. "Kaka anapanda akalifunge puto juu, wadogo wasilitoboe. Halafu dada akawa halifikii. Halafu kaka akamshushia." Hiyo ni hadithi. Kila hatua ina sababu, kila mtu ana anachokitaka, na mwisho unafunga kilichofunguliwa mwanzoni. Mtoto huyu anajua vizuri kabisa kwamba mambo hufuatana. Ila hajaitilia maanani ile mikono kichwani, ambayo ingemwambia kwamba msichana amepatwa na jambo asilolitarajia. Sasa mgeukie jirani yake aliyezipanga kama karatasi inavyotaka. Ukimwuliza kwa nini ngazi inakuja baada ya puto kunasa, anaweza kukujibu: "Kwa sababu hiyo ndiyo ya tatu." Wa kwanza amekosa alama, wa pili amezipata zote. Mimi wasiwasi wangu ungekuwa kwa huyo wa pili.

Tazama pia kadi ya kwanza na ya nne. Zinafanana mno, na watoto wengi watazibadilisha nafasi. Ukimwambia mtoto "hapana, anza na hii," atakutii na hatajifunza lolote. Ukimwuliza "hili jani kwenye uzi limetoka wapi?" atatulia, ataangalia mti, atairudisha kadi mahali pake yeye mwenyewe. Swali hilo halikutaja mwanzo wala mwisho. Liliuliza chanzo cha kitu, na mpangilio ukajitengeneza.

Hili halitegemei mapenzi yangu tu. Mwaka 1989 Patricia Bauer na Jean Mandler walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga, baadhi yao wa miezi 16 tu, ambao maneno yao bado yalikuwa machache. Watafiti waliwaonyesha vitendo vifupi vinavyofuatana kwa kutumia vitu vya kuchezea, kisha wakawaachia vitu hivyo waone watafanya nini. Vitendo vingine vilitegemeana: tia mpira ndani ya kikombe, funika kwa kikombe kingine, tikisa upate sauti. Huwezi kutikisa kabla hujatia mpira. Vingine havikutegemeana, vilifuatana kwa sababu tu mtafiti aliamua vifuatane. Watoto walirudia kwa mpangilio vizuri zaidi pale kitendo kimoja kilipokifungulia njia kingine. Kwa hiyo kabla mtoto hajaweza kutamka neno "halafu", tayari anashika mfuatano kwa kushika sababu.

Katherine Nelson na wenzake nao waliwauliza watoto kuanzia miaka 3 kuhusu shughuli wanazozirudia mara kwa mara maishani mwao, na watoto wakazieleza hatua kwa hatua, kwa utaratibu unaoeleweka. Mtoto anayesemwa darasani kwamba "hajui mfuatano" ndiye huyo huyo anayekukatalia usiku kwamba hamjapiga mswaki na tayari unataka kuzima taa.

Basi kwa nini watoto hao hao wakisimulia hadithi tuliyowasomea wanaivuruga? Swali hili ni la zamani. Jean Piaget, katika kitabu alichokitoa mwaka 1923 kuhusu lugha na fikra za mtoto, alieleza jinsi watoto wa miaka 6 hadi 8 walivyowasimulia wenzao hadithi wakichanganya mpangilio wa matukio, na akaona hiyo ni dalili ya namna mtoto anavyofikiri katika umri huo. Watafiti waliomfuata waliigeukia hadithi yenyewe. Mandler na Nancy Johnson mwaka 1977, kisha Nancy Stein na Christine Glenn mwaka 1979, walionyesha kwamba hadithi ina mifupa: mahali na wahusika, jambo linalozua tatizo, nia ya mhusika, jaribio lake, matokeo, na jinsi alivyoyapokea matokeo hayo. Mifupa hiyo ikiwa imeshikana, hata watoto wadogo huisimulia hadithi kwa mpangilio mzuri. Ikiwa imelegea, wanaivuruga, na mtu mzima naye huivuruga. Jambo hili lingepaswa kubadilisha namna tunavyochagua hadithi za zoezi. Vitabu vingi vya watoto vimejaa "hadithi" ambazo ni matembezi tu: mhusika akaona kipepeo, akaona ndege, akaona samaki. Hakuna kinachozuia samaki aje kabla ya kipepeo. Mtoto akikosea mpangilio wa hadithi kama hiyo, amekosea kumbukumbu ya ukurasa, basi.

Aristotle aliliona hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipoandika juu ya tamthilia. Yeye ndiye aliyesema kitu kamili kina mwanzo, kati na mwisho, maneno ambayo shule zimeyachukua na kuyabandika ukutani. Ila alisema pia kwamba ni mbali sana baina ya jambo kutokea kwa sababu ya jingine na jambo kutokea baada ya jingine tu. Hilo halijabandikwa mahali popote. Mwaka 1985 Tom Trabasso na Paul van den Broek walikuja na ushahidi wa maabara: katika hadithi, tukio lenye viungo vingi vya sababu na matukio mengine ndilo linalokumbukwa zaidi na ndilo watu wanalolitaja kuwa muhimu. Lile lisilounganika na lolote husahaulika. Kumbukumbu ya hadithi hushikiliwa na sababu, na mtoto ambaye hatujamsaidia kuziona sababu tunamtaka akumbuke kitu kisicho na mahali pa kushikia.

Lugha yenyewe ina sehemu yake katika kazi hii, na sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna zana ambazo hatuzitumii ipasavyo. Mtoto wetu anajaliwa "-ka-" mapema: akaenda, akaona, akachukua, akarudi. Ni kiambishi chepesi kinachobeba hadithi nzima mgongoni, na kwa sababu ya wepesi huo kinaweza kuficha kutoelewa. Mtoto anaweza kuunganisha vitenzi kumi kwa "-ka-" asijue hata kimoja kilisababishwa na nini. Ndiyo maana napenda mwalimu asiishie kuwafundisha "kwanza, kisha, mwisho". Awape "ndiyo maana", "kwa hiyo", "ili", "ndipo", na zaidi ya yote "kumbe". Mtoto anayesema "kumbe uzi ulikuwa umekatika" amefanya jambo kubwa: amepokea habari mwishoni mwa hadithi, akairudisha nyuma mahali ilipotokea, akaona inavyoeleza yaliyofuata. Kadi nne zilizopangwa kwa usahihi haziwezi kukuonyesha uwezo huo.

"Kabla" inahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 1971 Eve Clark alichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 3 hadi 5 waliigiza kwa vitu vya kuchezea sentensi zenye maneno ya Kiingereza ya kabla na baada. Wadogo zaidi walikuwa na mwelekeo wa kufuata tu mpangilio wa maneno: kilichotajwa kwanza ndicho walichokifanya kwanza. Sasa angalia sentensi yetu: "Kabla hajafunga mlango, alizima taa." Mtoto anakutana na vizingiti viwili. Tukio la pili limetajwa kwanza, na juu ya hapo limesemwa kwa umbo la kukanusha, hajafunga, wakati tunajua aliufunga. Mwalimu akimwuliza mtoto swali la namna hiyo na mtoto akakosea, hapo kilichopimwa ni sarufi, na hadithi haijaguswa. Uliza kwanza kwa sentensi inayofuata mwendo wa matukio: "Alizima taa, halafu akafunga mlango." Baadaye, mtoto akishaijua hadithi vizuri, igeuze. Kuigeuza ni somo zuri. Kuanza nalo ni kumtega.

Kuna utafiti mmoja ninaotamani kila anayetengeneza kadi za picha aujue. Mwaka 1986 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwapa watoto seti za picha wazipange. Baadhi ya hadithi zilihusu nguvu za vitu, kwa mfano jiwe linaporomoka na kugonga kitu. Nyingine zilionyesha watu wakifanya shughuli za kawaida. Nyingine hazikueleweka bila kujua mhusika anaamini nini, kama vile mtu asiyejua kwamba kitu chake kimechukuliwa nyuma yake. Watoto wenye usonji (autism) walizipanga vizuri sana zile za nguvu za vitu, lakini zile za imani na fikra ziliwashinda, ingawa watoto wengine waliolinganishwa nao ziliwawia rahisi zaidi. Kwa hiyo kupanga picha kumebeba uwezo zaidi ya mmoja. Kujua kwamba jiwe likisukumwa litashuka ni jambo moja. Kujua kwamba dada analia kwa sababu anadhani puto limepotea moja kwa moja, na kwamba kaka amepanda ngazi kwa sababu amemwona analia, ni jambo jingine. Tunapompa mtoto alama moja kwa seti zote, tunachanganya mambo ambayo hayana mzizi mmoja. Hata wapimaji wa akili waliwahi kulitegemea zoezi hili: lilikuwa sehemu ya vipimo vya David Wechsler kwa miongo mingi, hadi lilipoondolewa kwenye toleo la nne la kipimo chake cha watoto mwaka 2003.

Jambo dogo, lakini linaumiza watoto kila siku: upande. Barbara Tversky na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto wakipewa stika waweke nyakati za siku kwenye karatasi, wanaosoma Kiingereza huelekea kuanzia kushoto, na wanaosoma Kiarabu huelekea kuanzia kulia. Mwelekeo huo unafuata maandishi. Mtoto ambaye bado hajaanza kusoma, au anayejifunza hati mbili kwa wakati mmoja, anaweza kupanga kadi zote kwa usahihi kutoka kulia kwenda kushoto, na mwalimu akaona kosa tupu. Chora mshale mezani, au mwulize tu, "Hadithi yako inaanzia wapi?"

Sasa, mtu afanye nini? Naanza na mwili. Arthur Glenberg na wenzake, mwaka 2004, waliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo vitu vya kuchezea vinavyolingana na hadithi waliyokuwa wakiisoma, wakawataka wavisogeze kama sentensi zinavyosema. Waliosogeza walikumbuka na kuelewa zaidi ya waliosoma bila kusogeza. Vivian Paley, mwalimu wa watoto wadogo wa Chicago, alikuwa na desturi iliyokwenda mbali zaidi: mtoto anatunga hadithi yake kwa mdomo, mwalimu anaiandika neno kwa neno, kisha darasa zima linaiigiza. Nguvu ya njia hii ni kwamba pengo la sababu haliwezi kujificha. Anayeigiza kaka akipanda ngazi wakati puto bado liko mkononi mwa dada, kila mtu anaona kwamba hakuna anachokifuata huko juu. Watoto wenyewe watapiga kelele. Hapo mpangilio unasahihishwa na hadithi, na mwalimu hajainua kidole.

Njia ya pili ni kuondoa kadi. Ziache zikiwa zimepangwa, kisha ifunike moja na uulize: tukiitoa hii, hadithi bado inakwenda? Itoe ile ya puto juu ya mti, ngazi inabaki bila kazi. Jaribu kuongeza kadi ya ndege anayepita angani, halafu itoe: hakuna kilichoharibika. Mtoto anaanza kuona kwamba kuna matukio yanayobeba hadithi na mengine yanayoipamba, na kwamba hayo ya kupamba yanaweza kuhama bila mtu kuumia. Mwalimu naye anajifunza, kwa sababu atagundua ni mara ngapi alimkosoa mtoto kwa kuhamisha pambo. Ukiwa na mtoto wa miaka 3, kadi tatu zinatosha kabisa. Sioni faida ya kukimbilia sita.

Halafu kuna mazungumzo ya nyumbani, na hapa nasema na wazazi na walezi. Carole Peterson na Allyssa McCabe, waliokusanya masimulizi ya watoto kuhusu mambo yaliyowapata na kuyachapisha mwaka 1983, waliona kwamba mtoto wa miaka 4 mara nyingi anarukaruka: anaanza na damu, anarudi kwenye baiskeli, anadokeza ngazi, anaacha katikati. Kufikia miaka 5 au 6 wengi wanasimulia kwa mfuatano. Katikati ya miaka hiyo kuna kazi kubwa inayofanyika, na utafiti wa Robyn Fivush na Elaine Reese umeonyesha kwamba inasaidiwa na mzazi anayeuliza maswali ya wazi na kuongeza maelezo anapozungumza na mtoto kuhusu mambo waliyoyapitia pamoja. Mtoto akija anakimbia na "nimeumia, damu ilitoka, na baiskeli!", usimkatize na "anza mwanzo." Kwake, damu ndiyo mwanzo, kwa sababu ndiyo kubwa. Mpokee hapo hapo alipo: "Pole mwanangu! Ilikuwaje mpaka damu ikatoka?" Swali hilo linamrudisha nyuma hatua moja. "Na mbona baiskeli ilianguka?" Hatua nyingine. Mtakapofika mwanzo, mwambie, "Ebu nisimulie yote, nimhadithie na bibi." Utaisikia ikitoka imenyooka, kwa sababu mmeshapita njia nzima kwa kurudi nyuma.

Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 7 au 8, anahitaji hatua ambayo mitaala mingi inaisahau: kutofautisha mpangilio wa kutokea na mpangilio wa kusimulia. Hadithi nzuri nyingi zinaanzia katikati. Mtoto aliyelelewa kwenye "kwanza, kisha, mwisho" anaamini kilichosemwa kwanza ndicho kilichotokea kwanza, na anapotea kila msimulizi anaporudi nyuma. Ruth Berman na Dan Slobin, katika utafiti wao mkubwa wa mwaka 1994 uliolinganisha lugha tano, waliwapa watoto na watu wazima kitabu cha picha kisicho na maneno wasimulie. Wa miaka 3 waliielezea kila picha peke yake. Wa miaka 5 walikuwa wameanza kuziunganisha moja baada ya nyingine. Wa miaka 9 waliishika hadithi nzima kwa lengo la mhusika, yaani kumtafuta mnyama wake aliyetoroka, na kila tukio likapata mahali pake kulingana na lengo hilo. Safari kutoka picha moja moja hadi lengo ndiyo tunayopaswa kuisindikiza. Mpe mtoto zile kadi nne za puto, umwambie aanze kusimulia na ngazi. Atalazimika kusema "kwa sababu puto lilikuwa limenasa", na hapo ametumia wakati uliopita ndani ya wakati uliopita bila mtu kumfundisha jina la umbo hilo.

Linabaki suala la alama. Madhali karatasi za tathmini zinabaki na visanduku vya kuandika 1, 2, 3, 4 chini ya picha, walimu wataendelea kufundisha visanduku, na siwalaumu. Wanapimwa kwa hivyo hivyo. Ombi langu kwa wanaoziandaa ni nafasi ya mistari miwili chini ya picha, mtoto aulizwe sababu moja na mwalimu aiandike kama ilivyotamkwa. Inachukua dakika moja kwa mtoto mmoja. Darasa kubwa lisilowezekana kumalizwa siku moja linaweza kugawanywa katika wiki. Na pale mpangilio wa mtoto unapotofautiana na wa karatasi lakini sababu zake zinashikana, maelekezo ya usahihishaji yaseme wazi kwamba apewe alama zote.